Programu za bure za Windows kwa bando la Mwanza: ipi upakue, ipi uache

Orodha nyingi za programu za bure huandikwa na watu wenye intaneti isiyopimwa na kompyuta zilizotoka kiwandani juzi. Ukizifuata ukiwa Nyegezi au Igoma, bando litakata kabla hujafika programu ya tatu. Mashine ya kawaida huku kwetu ni laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka (HDD), intaneti inatoka kwenye simu iliyoegeshwa dirishani, na flashi inayochomekwa imeshapita kwa nusu ya darasa. Ndiyo maana hapa nalinganisha kwa vipimo vitatu tu: programu inakula MB ngapi kuipakua, inailemea mashine kiasi gani, na leseni yake inamruhusu nani. Hicho cha tatu ndicho watu wanakiruka. Mwenye steshenari na mwanafunzi wa chuo kule Malimbe wanaweza kuwa na programu ileile, hakuna aliyelipa hata mia, lakini mmoja yuko halali na mwingine hayuko.

Programu za kraki, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli, hazimo humu. Nyingi huanza kwa kukuambia uzime antivairasi kwanza ndipo usakinishe, na mgeni anayetaka uzime taa ndipo aingie, unajua kilichomleta.

Kabla hujapakua chochote

Mlaji wa kwanza wa bando ni Windows yenyewe. Ukishaunganisha kompyuta na hotspoti ya simu, fungua Settings, nenda Network & Internet, bonyeza jina la Wi-Fi hiyo, kisha washa "Set as metered connection". Kuanzia hapo Windows itaacha kushusha masasisho makubwa kimyakimya wakati wewe unatuma barua pepe moja.

Kuna programu inaitwa GlassWire inayokuchorea nani anakula intaneti yako. Ni nzuri kuitazama, lakini kwa mtu wa bando naona haina ulazima: humohumo kwenye Settings kuna "Data usage", na inakutajia kila programu na MB zake. Ila usiliache zuio hilo la "metered" mwaka mzima. Masasisho ya usalama yana kazi yake. Yapangie bando la usiku au siku uko mahali penye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi.

Virusi vya flashi: Defender, Smadav au Avast?

Hapa ndipo penye kelele nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Virusi vinavyosumbua watu wa kawaida mjini hapa haviji kwa njia za kisasa sana. Vinakuja kwa flashi kutoka kwenye mashine ya kuchapia. Zamani kirusi kilikuwa kinajiwasha chenyewe ukichomeka tu. Microsoft iliufunga mlango huo kwa flashi kuanzia Windows 7, na mwaka 2011 ikapeleka marekebisho yaleyale kwa XP na Vista. Wenye virusi wakabadili mbinu. Sasa kirusi kinaficha folda zako halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibonyeza "Research Proposal", kirusi kinaamka kwanza, ndipo folda yako inafunguka kama kawaida, nawe huna habari.

Ukikuta folda zote zina kishale pembeni, usibonyeze kitu. Kazi zako hazijafutwa. Zimefichwa tu. Kagua flashi kwa antivairasi kwanza, kisha fungua Command Prompt uandike amri hii, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi kuonekana, nawe utafuta vile vishale. Hii haihitaji programu yoyote ya kupakua, na ni kitu ambacho baadhi ya mafundi wanakitoza hela.

Sasa, antivairasi yenyewe.

Microsoft Defender imo ndani ya Windows 10 na 11. Haina matangazo, haina toleo la kulipia linalokunong'oneza kila asubuhi, na dukani unaitumia kihalali kwa sababu ni sehemu ya Windows uliyonayo. Kasoro yake naijua, na kila mtu mwenye diski ya kuzunguka anaijua: ikianza kukagua, mashine inaganda hadi unadhani umeme unakatika. Njia rahisi ni kuianzisha mwenyewe wakati wa chakula, ili isikuanzishie saa ya kazi. Kasoro ya pili ni kwamba bila taarifa mpya za virusi inazeeka haraka. Kwa kompyuta ya shule iliyoko Ukerewe au Kome isiyoona intaneti, Microsoft inatoa faili linaloitwa mpam-fe.exe, mtu analipakua akiwa mjini, analibeba kwenye flashi, analibonyeza kule, Defender inasasishwa. Ni faili la zaidi ya MB 100, kwa hiyo lipakue mara moja ulisambaze kwenye mashine zote.

Smadav inatoka Indonesia na imeenea sana kwenye kompyuta za huku. Ni ndogo, haichoshi mashine, na kazi yake kubwa ni flashi: inakamata virusi vya njia za mkato na kufichua mafaili yaliyofichwa kwa kitufe kimoja. Naielewa sababu ya kupendwa kwake. Lakini toleo la bure halijisasishi lenyewe, haliruhusiwi kwa biashara, na watengenezaji wake wanasema wazi kwamba ni ulinzi wa ziada unaokaa pembeni ya antivairasi nyingine. Kwa hiyo yule aliyezima Defender akabaki na Smadav ya mwaka juzi, kwa kweli hana ulinzi. Ana ikoni ya kijani tu.

Avast, AVG na Avira watu wanazibishania kama timu za mpira, ilhali tangu 2022 zote zimo chini ya kampuni moja, Gen Digital. Kazi ya kukamata virusi wanaijua. Kinachonichosha ni madirisha yanayofunguka kukuuzia hiki na kile, na kwa RAM ya GB 4 uzito wake unausikia. Halafu kuna historia: Avast ilikuwa inauza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake wanatembelea kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ikaifunga mwaka 2020, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitaka ilipe dola milioni 16.5. Programu ya bure inayokulinda dhidi ya wezi huku yenyewe inachukua taarifa zako, mimi siwezi kumpendekezea mtu.

Uamuzi wangu: baki na Defender. Kama mashine inapokea flashi za watu kutwa nzima, jijengee tabia ya kubonyeza flashi kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Scan with Microsoft Defender" kabla ya kuifungua. Smadav iongeze nyumbani ukipenda, si kwenye biashara. Na ukihisi kuna kitu kimeponyoka, sakinisha Malwarebytes ya bure, ikague mara moja, kisha iondoe. Toleo hilo halikai kulinda muda wote likishamaliza majaribio, linakagua ukiliambia tu.

PDF: hapa ndipo pesa na bando vinapopotea

Mtu akisema "kompyuta yangu haifungui PDF" jibu la haraka la fundi ni Adobe. Angalia kwanza hivi vitatu vikiwa vimesimama pamoja:

| | SumatraPDF | Edge | Adobe Acrobat Reader |
|---|---|---|---|
| Kupakua | chini ya MB 20 | imo tayari | mamia ya MB |
| Kwa RAM ya GB 4 | inafunguka papo hapo | inakwenda | nzito |
| Kujaza fomu | hapana | ndiyo | ndiyo, kuliko zote |
| Vitabu vya ePub | ndiyo | hapana | hapana |
| Ushawishi wa kulipia | hakuna | kidogo | mwingi |

SumatraPDF ipo tangu 2006, ni programu huria (msimbo wake uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuitumia), na inakaa hata kwenye flashi bila kusakinishwa. Mwanafunzi mwenye notsi za kurasa mia nne ataipenda: ukifunga na kufungua tena inakurudisha ukurasa uleule ulioachia. Ukikutana na fomu ya kujaza, ifungue kwa Edge. Adobe iache kwa mtu ambaye ofisi yake inamtumia fomu zenye sahihi za kidijitali au zile zinazogoma kufunguka kwingine. Wako watu wa hivyo, ila ni wachache.

Kusoma ni sehemu nyepesi. Tabu inaanza dirisha la mikopo la HESLB linapofunguliwa, au nafasi zinapotangazwa kwenye Ajira Portal, na kila steshenari kuanzia Buzuruga hadi Mkolani ina foleni. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, fomu iliyosainiwa. Vyote viunganishwe, vigeuzwe PDF, vipunguzwe ukubwa visizidi kiwango cha mfumo. Njia ya haraka ambayo karibu kila mtu anaitumia ni tovuti za kuunganisha PDF. Zinafanya kazi. Lakini hebu fikiria unachokifanya: unachukua cheti na namba ya NIDA ya mtoto wa watu, unavipakia kwenye seva iliyo nchi usiyoijua, halafu unavishusha tena. Bando limeenda mara mbili, na taarifa za mteja zimetoka mkononi mwako. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kazi hapa Tanzania, na anayekusanya na kushughulikia taarifa za watu anaguswa nayo. Kwa steshenari hilo si jambo la kuchekea.

Kwa hiyo chagua kati ya mbili zinazofanya kazi bila intaneti. PDFsam Basic ni programu huria. Inaunganisha, inagawa, inazungusha kurasa zilizoskaniwa kichwa chini, inatoa kurasa unazotaka. Basi. Haipunguzi picha zilizomo ndani, yaani PDF yako ya MB 6 itabaki MB 6 au karibu na hapo. PDF24 Creator ya Ujerumani inafanya hayo yote na zaidi: inabana ukubwa, inageuza picha kuwa PDF, inasoma maandishi kutoka kwenye skani, inaweka nenosiri. Ni bure hata kwa biashara. Mzigo wake ni kule kupakua, maana si programu ndogo hata kidogo.

Kama wewe ni mtu wa nyumbani mwenye fomu moja kwa mwaka, chukua PDFsam na uskani kwa kiwango cha chini tangu mwanzo. Dpi 150 (nukta kwa kila inchi) kwa maandishi inatosha na faili linatoka dogo lenyewe. Kama una steshenari, lipia bando, chukua PDF24, na usilitazame tena suala hilo. Angalia tu usichanganye: PDF24 ina tovuti pia, na ukifungua tovuti badala ya programu umerudi kulekule kwa kupakia.

Picha za pasipoti

IrfanView ipo tangu 1996, na sijaona nyingine ndogo inayofanya mengi kiasi hicho. Ukiwa unahifadhi JPG inakuruhusu kuandika KB unazotaka faili lisizidi, na hilo peke yake linamaliza ugomvi na mifumo inayosema "picha ni kubwa mno". Bonyeza herufi B na utapunguza picha mia kwa mpigo. Kwa mwanafunzi, mwalimu au nyumbani, ichukue bila kufikiri.

Kwa studio na steshenari hali ni tofauti: IrfanView ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara tu, duka linatakiwa kulipia leseni. XnView MP nayo ina sharti hilohilo. Mwenye duka asiyetaka kulipa ana Image Resizer iliyo ndani ya PowerToys za Microsoft, ambayo leseni yake inaruhusu biashara. Unachagua picha zote, kitufe cha kulia, unaandika upana na urefu, imekwisha. Tatizo ni kwamba PowerToys inakuja na kikapu kizima cha vifaa vingine, mamia ya MB, ukihitaji kimoja. Kwa picha mojamoja, programu ya Photos iliyomo kwenye Windows ina "Resize image" na haina gharama ya bando.

Kusafisha diski, na kile ambacho usafi haukifanyi

Mashine ikiwa nzito, watu wanaomba CCleaner. Jina limekaa vichwani tangu enzi za XP, na kwa enzi zile lilistahili. Leo siiweki. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wake na kupandikiza programu hasidi ndani ya toleo 5.33, likasambazwa rasmi na kufika kwenye kompyuta zaidi ya milioni mbili kabla ya kugundulika. Walilirekebisha, sawa. Lakini siku hizi toleo la bure limejaa vivutio vya kulipia, ni kwa matumizi binafsi tu, na ile sehemu yake ya kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za aina hiyo. Rejista ikivurugika unapiga Windows upya; ikibaki na takataka kidogo hupotezi kitu.

BleachBit inafanya usafi uleule, ni huria, dukani ruksa, haina matangazo. Sura yake ni kavu, na ina visanduku vya hatari: ukiweka alama kwenye nywila za kivinjari zitafutika kweli, na "Free disk space" inaweza kukaa masaa ikifuta nafasi tupu. Ingawa kwa watu wengi hata BleachBit haihitajiki. Storage Sense iko kwenye Settings, inafuta mafaili ya muda na kumwaga pipa la taka kwa ratiba unayoweka.

Ninachokipenda zaidi ya hivyo vyote ni kuonyeshwa nafasi imeenda wapi, maana mara nyingi takataka si tatizo. Tatizo ni folda ya muvi za kutafsiriwa alizoweka binamu. WizTree na WinDirStat zote zinachora diski yako kwa visanduku vya rangi, kisanduku kikubwa ni faili kubwa. WizTree ni ya haraka mno kwa sababu inasoma moja kwa moja jedwali kuu la mafaili la NTFS, mfumo ambao Windows hupangia mafaili kwenye diski. Sekunde chache umeshaona kila kitu. WinDirStat huchelewa zaidi, hasa kwenye diski ya kuzunguka, ila ni huria kabisa, wakati WizTree ofisini inahitaji leseni. Nyumbani WizTree, dukani WinDirStat.

Na mtu asikudanganye: hakuna programu ya usafi inayoifanya laptopu ya diski ya kuzunguka iwe ya haraka. Ukipata hela ya SSD (diski isiyozunguka) ndogo, hata ya GB 256, iweke humo. Huo ndio usafi.

Zile za kumaliza haraka

7-Zip au WinRAR? 7-Zip. Ina MB moja na ushee, ipo tangu 1999, ni halali ofisini, inafungua zip na rar zote. WinRAR inatoa siku 40 za majaribio kisha inakuomba kwa upole usiokwisha; ukiendelea bila kulipa hainyamazi wala haifungi. Mwaka 2023 lilipatikana tundu la usalama lililokuwa likitumiwa na wadukuzi, likazibwa toleo 6.23, na kwa kuwa haijisasishi yenyewe, kuna mashine nyingi bado zina toleo la zamani. 7-Zip pia haijisasishi, kwa hiyo pakua mpya mara mojamoja. Kitu kikubwa WinRAR inaweza na 7-Zip haiwezi: kutengeneza faili la rar. Sijui nani analihitaji. Kwenye Windows 11 iliyosasishwa, hata bila programu yoyote, rar na 7z zinafunguka.

Muvi na muziki: VLC. Kwenye mashine kongwe sana jaribu MPC-HC, ni nyepesi kidogo, lakini hakikisha ni ile inayoendelezwa sasa na clsid2, kwa kuwa watengenezaji wa awali waliacha mwaka 2017. Video zilizobanwa kwa H.265 zikikatakata kwenye prosesa ya zamani, kubadilisha programu hakutasaidia sana. Tafuta nakala ya H.264.

Kutafuta faili: Everything ya voidtools. Ukilinganisha na kisanduku cha kutafutia cha Windows hakuna mashindano. Andika herufi tatu za jina na majibu yanatokea unavyoandika. Inatafuta majina, si maneno yaliyo ndani ya faili, na flashi zisizo za NTFS lazima uziongeze mwenyewe kwenye mipangilio. Kwa mwenye steshenari ambaye kazi za wateja ziko desktop, Downloads na folda kumi na mbili zinazoitwa "New folder", hii itarudisha nywele zake.

Kupiga Windows: Rufus au Ventoy

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo swali hili limeongezeka. Laptopu nyingi za mtumba zilizojaa mjini zina prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba, na Windows 11 rasmi inataka cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama kilicho ndani ya kompyuta.

Rufus ni faili moja dogo lisilosakinishwa. Unachagua ISO (faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha), unachagua flashi, linaitengeneza flashi ya kupigia. Faida yake kubwa leo ni visanduku vinavyojitokeza kabla haijaanza: unaweza kuondoa sharti la TPM, Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) na RAM. Mashine ya kizazi cha sita inapokea Windows 11 na kufanya kazi, ingawa Microsoft haikuahidi kuendelea kuipa masasisho. Kwa zile kongwe za Core 2 Duo usihangaike: toleo la 24H2 la Windows 11 linahitaji maagizo ambayo prosesa hizo hazina, halitawaka kabisa.

Ventoy inafikiri tofauti. Unaiweka kwenye flashi mara moja, kisha ISO unazinakili kama muvi: Windows 10, Windows 11, Linux Mint, zote pamoja, na kompyuta ikiwaka unachagua kwenye orodha. Fundi anayezunguka, leo Kirumba kesho Sengerema, achukue hii na flashi ya GB 64. Mtu wa kompyuta moja achukue Rufus, hasa kwa sababu kwenye mashine zenye Secure Boot, Ventoy inakutaka uikubali ufunguo wake kwanza na hatua hiyo huwachanganya wengi.

Zana rasmi ya Microsoft ya kutengeneza flashi nayo ni bure na ni rahisi, lakini inashusha Windows nzima, GB kadhaa, na kesho ukitaka tena inashusha tena. Pakua ISO mara moja, itunze. Ukinakili ISO ya zaidi ya GB 4 kwenda flashi ya kawaida ikakataa huku nafasi ipo, flashi imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani usiopokea faili kubwa kiasi hicho. Ibadilishe iwe exFAT.

Wakati wa kununua laptopu ya mtumba

Nenda dukani na flashi yenye CrystalDiskInfo, toleo la kubeba lisilohitaji kusakinishwa. Soma rangi yake: bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Tazama pia "Power On Hours". Muuzaji anaweza kusema ilikuwa ya ofisi haikutumika sana, lakini diski inahesabu saa zake yenyewe. Ukikuta njano, punguza bei ya diski mpya hapohapo au ondoka. Kuna matoleo yaliyopambwa kwa wasichana wa katuni za Kijapani. Ni mazito bure, chukua la kawaida.

Betri usiitafutie programu. Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ikiwa mpya na uwezo wake leo. Kama ilizaliwa na 48,000 mWh na leo inajaa 15,000, kwa mgao wa umeme utakuwa unaizima kila ukikatika.

Ukifuta kwa bahati mbaya

Recuva, PhotoRec na Windows File Recovery zote zinajaribu kurudisha kilichofutwa. Recuva ndiyo rahisi, ina vitufe vinavyoeleweka na inarudisha pamoja na jina la faili pale inapowezekana. PhotoRec ni huria, inachimba zaidi hata kwenye kadi ya kamera iliyoformatiwa, ila inakurudishia mafaili mamia yenye majina ya namba, utakaa jioni nzima kutafuta picha za harusi ni zipi. Ya Microsoft inaendeshwa kwa kuandika amri na inahitaji Windows 10 ya 2020 au mpya zaidi; sioni ikimshinda yeyote kati ya hizo mbili.

Kwa mpiga picha, anza na Recuva, ikishindwa nenda PhotoRec. Jambo la muhimu kuliko programu ni kuacha kutumia kadi au flashi hiyo dakika uliyogundua, na kuhifadhi unachookoa kwenye diski nyingine. Kama kilifutwa kwenye SSD ya ndani ya kompyuta, matumaini ni madogo, kwa sababu SSD husafisha nafasi iliyoachwa wazi yenyewe baada ya muda mfupi.

Pa kupakulia

Ukitafuta jina la programu, matokeo ya juu mara nyingi ni tangazo, na kile kitufe kikubwa cha kijani kinaweza kuwa cha mtu mwingine kabisa. Andika anwani mwenyewe: 7-zip.org, videolan.org, voidtools.com, sumatrapdfreader.org, irfanview.com, bleachbit.org, rufus.ie, ventoy.net. Kwa nyingi ya hizi, Windows 10 na 11 zina pia amri ya winget. Mfano, winget install 7zip.7zip inaleta 7-Zip bila kupita kwenye tovuti, na winget upgrade itakuorodheshea zilizopitwa na wakati bila kuzishusha, ili uchague ipi inastahili bando la leo.